Mwongozo kamili wa kijiji kutenga na kusimamia msitu wake wa hifadhi, kwa mifano ya Kigoma na Tabora

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa halmashauri za vijiji, kamati za maliasili na maofisa wa wilaya wanaotakiwa kuwasaidia wananchi kutenga msitu wao na kuusimamia wenyewe. Mifano mingi imetoka mkoani Kigoma, hasa kusini mwa mto Malagarasi, ambako misitu ya miombo ya Masito na Ugalla bado inapakana na mashamba ya muhogo na makazi ya sokwe. Michache imetoka Tabora, ambako mrina asali na mkulima wa tumbaku wanagombea miti ileile. Neno "ushirikishwaji" limetumika mno katika mikoa yetu hata makali yake yameisha: mtu akiitwa semina, akasaini karatasi ya mahudhurio na kupokea posho ya nauli, taarifa itaandikwa kwamba ameshirikishwa. Humu neno hilo lina maana moja tu: mwananchi ameshirikishwa pale anapoweza kukataa, na kukataa kwake kukabadilisha mpango.

Jueni kwanza mko kwenye ardhi ya nani

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, chukueni ramani ya wilaya na muulize eneo mnalolizungumzia liko mikononi mwa nani kisheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zimeigawa ardhi ya Tanzania katika makundi matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Mamlaka ya mwananchi hubadilika anapovuka kutoka kundi moja kwenda jingine, hata kama miti ni ileile na hakuna uzio wala bango.

Ndani ya hifadhi ya taifa kama Gombe, iliyotangazwa 1968, au Milima ya Mahale, iliyotangazwa 1985, mwanakijiji hana kura. Anaweza kunufaika kwa miradi ya ujirani mwema, kwa ajira na kwa biashara, lakini uamuzi ni wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Katika msitu wa hifadhi wa serikali, uwe chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) au chini ya halmashauri ya wilaya, kijiji jirani kinaweza kuingia katika usimamizi wa pamoja kwa hati ya makubaliano. Binafsi nina mashaka na njia hii pale doria inapotangulia makubaliano. Vijiji vingi nchini vimelinda misitu ya serikali kwa miaka huku hati ikilala mezani bila saini, kwa sababu suala la nani apate kiasi gani lilikwepwa tangu mwanzo. Mkiingia huko, kifungu cha mgawanyo wa mapato kisainiwe kabla mjumbe yeyote hajavaa buti.

Katika ardhi ya kijiji mambo ni mengine. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji, kuusimamia kupitia kamati yake, kukusanya mapato yake na kuwatoza faini wanaovunja kanuni zake. Haki hiyo ilidaiwa na watu kabla haijaandikwa. Katika miaka ya 1990 wananchi wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, walipinga miombo yao kugeuzwa msitu wa serikali, wakaomba kuilinda wenyewe, na mfano wao ukachangia kuzaa Sera ya Misitu ya 1998 na sheria iliyoifuata.

Ipo pia njia ya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, inayofaa vijiji kadhaa vyenye wanyama wa kutosha kuleta watalii au wawindaji, kama Ipole wilayani Sikonge na Uyumbu wilayani Urambo. Taratibu zake ni ndefu na zinahitaji maelezo ya peke yake. Hapa tunafuata njia ya msitu wa kijiji, kwa kuwa ndiyo inayowapa wananchi mamlaka makubwa kwa gharama ndogo, na kwa kuwa sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, katika misitu hiihii ambayo hatima yake iko mikononi mwa mikutano ya vijiji.

Kusanyeni nyaraka kabla ya kukusanya watu

Mtendaji wa kijiji afungue kabati na atafute cheti cha ardhi ya kijiji, ramani ya upimaji wa mipaka, mpango wa matumizi ya ardhi kama upo, na mihtasari ya zamani inayoutaja msitu. Msishangae mkikuta cheti kimeandikwa jina la kijiji mama. Vijiji vyetu vimegawanyika sana, na mara nyingi kijiji kipya huwa na mhuri wake na mwenyekiti wake ilhali ardhi bado inasomeka kwa jina la kijiji cha zamani. Hali hiyo ikiwepo, hapo ndipo pa kuanzia, na ofisi ya ardhi ya wilaya ihusishwe mapema, kwa sababu msitu uliotengwa juu ya cheti cha mwingine utaleta kesi siku mbao za kwanza zitakapouzwa.

Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaoandaliwa chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, si hatua ya kurukwa. Huo ndio unaosema wapi ni kilimo, wapi ni malisho, wapi ni makazi ya baadaye na wapi ni msitu, na bila huo kila familia inayokua itautazama msitu kama akiba ya mashamba. Gharama yake ni kubwa kwa kijiji peke yake, hivyo vijiji vingi husubiri mradi. Basi mradi ukija, msikubali upimwe msitu tu na malisho yaachwe.

Mkutano mkuu: siku, saa na maneno

Uamuzi wa kutenga msitu unapita katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote waliofikisha umri wa miaka 18. Halmashauri ya kijiji hupendekeza na kutekeleza. Hilo liko wazi kwenye sheria. Kinachoharibu ni kalenda.

Niseme kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwezeshaji katika kijiji kimoja cha mkoa wa Kigoma, na gari la mradi lilikuwa na siku mbili tu. Tuliitisha mkutano siku ya gulio. Waliokuja walikuwa wazee na wajumbe wenyewe, na ili karatasi ya mahudhurio ijae, ikazungushwa sokoni. Jioni nilipoipitia nikaona jina moja limeandikwa mara tatu kwa miandiko mitatu. Niliipeleka hivyohivyo. Msitu ukatengwa kwenye karatasi, na msimu uliofuata vijana wa kitongoji cha mbali walifyeka ndani yake wakisema hawakuwahi kuulizwa. Walikuwa wakisema kweli.

Kwa hiyo ulizeni kwanza watu wako wapi. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, basi mkutano uwekwe siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imevutwa ufukweni. Bara, mvua zinapoanza kuelekea Novemba, hakuna atakayeacha jembe kuja kusikiliza habari za misitu. Tabora epukeni majuma ya kukausha tumbaku na wakati warina asali wamekwenda dago, yaani kambi zao za msituni. Tangazo litolewe kwa mbiu, misikitini na makanisani, na lieleze hoja yenyewe, kwamba tutajadili kutenga eneo fulani ambalo mtu hataruhusiwa kulima. Tangazo linalosema tu "mkutano wa maendeleo" ni la kuwavizia watu.

Kabla ya mkutano mkuu fanyeni mikutano ya vitongoji, na pale inapofaa kaeni na makundi peke yake: akina mama, wafugaji, warina asali, waganga wa miti shamba, wachoma mkaa. Ndiyo, wachoma mkaa pia. Kundi ambalo maisha yake yanategemea kuvunja kanuni linapaswa kuwepo kanuni inapotungwa, kwa sababu ndilo linalojua njia zote za kuikwepa. Wazee waulizwe habari za matambiko. Milima ya Mahale, ambako kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462, Watongwe waliiheshimu kama makao ya mzimu wao kabla ya bango lolote la hifadhi kusimikwa, na vijiji vingi vya Uvinza vina korongo au kichaka ambacho mtu hakati mti bila idhini. Maeneo hayo tayari yana ulinzi, na mpango unaoyasahau unatupa bure nguvu iliyopo.

Ramani ya majivu, kisha ramani ya wataalamu

Mahali pazuri pa kuanzia ni uwanja wa shule ya msingi, chini ya mwembe, ardhi ikiwa imefagiliwa. Majivu huchora barabara na mito, vizibo vya soda husimama mahali pa nyumba, maganda ya muhogo yanakuwa mashamba, na majani mabichi yanakuwa msitu. Wagaweni watu makundi mawili, wanaume na wanawake, kila kundi lichore lake bila kuchungulia la mwenzake.

Nimeliona zoezi hili mara nyingi na bado linanifundisha. Katika kijiji kimoja wanaume walichora msitu mmoja mpana upande wa mashariki, wakaonyesha palipo na mininga na mikora. Akina mama walichora misitu midogo mitatu kando ya vijito, mahali pa uyoga, kuni kavu na maji. Walipokutana, mama mmoja wa makamo aliinama, akachukua kijiti na kuurefusha mto uliochorwa na wanaume. "Baba zangu," alisema, "huu mto hauishii hapa. Mwezi wa tisa tunaufuata mpaka kwenye mkuyu." Wanaume walikaa kimya kidogo, kisha mwenyekiti wa kitongoji akasema kweli, kiangazi yeye hachoti maji. Mkuyu ule ndio uliookoa chanzo cha maji kisibaki nje ya mpaka.

Ramani ikikubaliwa ardhini, ihamishiwe kwenye karatasi kubwa, kisha timu ya watu wa vitongoji vyote, pamoja na bwana misitu na ofisa ardhi, itembee mpaka wote kwa miguu ikichukua vipimo vya GPS. Kijiji jirani lazima kiwe na wawakilishi wake kwenye matembezi hayo, na muhtasari wa makubaliano usainiwe siku ileile na pande mbili. Jihadharini na vijito vyenye majina mawili: kijiji cha juu kinakiita hivi, cha chini kinakiita vile, na katika muhtasari mpaka mmoja unakuwa mipaka miwili. Andikeni majina yote mawili. Mpaka uwekewe alama za rangi kwenye miti, mawe au mkuza, yaani ukanda mwembamba uliofyekwa, na mabango kwenye njia wanazopita watu hasa.

Mkoani Kigoma tumepata bahati ya kutumia picha za setilaiti katika kazi hii. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa 1994 na Taasisi ya Jane Goodall baada ya kuonekana jinsi milima inayoizunguka Gombe ilivyokuwa imebaki tupu, baadaye ulileta picha kubwa zilizowawezesha wanakijiji kutambua nyumba zao, vijia na miti mikubwa, na kuandika juu yake majina wanayoyatumia wenyewe. Picha ya namna hiyo ikipatikana itumieni, ila ramani ya majivu itangulie, kwa sababu mbele ya picha ya setilaiti watu husubiri mtaalamu aseme.

Kama kuna shamba au nyumba ndani ya eneo linalopendekezwa, simameni hapo. Chaguo ni mawili: mpaka upindishwe, au mwenye shamba akubali kwa maandishi kuhamia eneo jingine ambalo halmashauri ya kijiji imempa na ameliona kwa macho. Ahadi ya "tutakutafutia" haitoshi.

Kuhesabu kilichomo

Tathmini shirikishi ya rasilimali haihitaji shahada. Kamati na vijana waliochaguliwa hutembea kwa mistari iliyonyooka, wakisimama kila baada ya umbali uliopangwa na kupima kiwanja kidogo: aina ya mti kwa jina la kienyeji, unene wake kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, miche inayochipua, na visiki. Msipuuze visiki. Kisiki kibichi cha mninga kinaeleza ni nani anayeingia na kwa msumeno gani kuliko hotuba yoyote ya mkutanoni. Bwana misitu atasaidia kukokotoa kiasi kinachoweza kuvunwa bila kuumaliza msitu, na hesabu ikionyesha kwamba miti mikubwa imebaki michache, mpango useme hakuna uvunaji wa mbao kwa miaka kadhaa, hata kama kuna mnunuzi anayesubiri barabarani.

Mpango wa usimamizi

Mpango mzuri husomeka kwa saa moja na kueleweka na mtu aliyemaliza darasa la saba. Ugawanyeni msitu katika maeneo, na kwa kila eneo andikeni matumizi ya bure, matumizi ya kibali na yaliyokatazwa. Kwa kawaida kuni kavu za kichwani, uyoga, matunda na dawa kwa matumizi ya nyumbani huwa bure. Mbao, nguzo, mizinga na malisho ya kiangazi huwa kwa kibali. Kilimo, makazi na tanuri la mkaa hukatazwa ndani ya hifadhi. Katazo lolote la jambo ambalo familia haiwezi kuishi bila hilo ni lazima liambatane na jibu la "basi tukapate wapi". Mkizuia nguzo za kujengea, pangeni vitalu vya miche. Tabora, ambako mabani ya kukaushia tumbaku hula kuni nyingi, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima kinapaswa kuwa mezani mpango unapoandikwa, na mashamba ya miti ya wakulima wenyewe yahesabiwe kama sehemu ya mpango wa msitu, ingawa yako nje ya mpaka.

Warina asali wapewe nafasi ya pekee. Mzinga wa gome humuua mti unaobanduliwa, kwa hiyo mpango unaweza kuruhusu wenye mizinga ya zamani waimalize huku wapya wakitumia mizinga ya mbao. Kwa upande mwingine hakuna mlinzi kama mtu mwenye mizinga 40 ndani ya msitu: anaingia mara kwa mara, anajua kila njia, na moto ukiwaka anapoteza mali yake.

Tukifika kwenye moto, tuseme wazi kwamba ndio adui mkubwa wa miombo kuliko msumeno. Moto kichaa wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, huua miche yote ya mwaka. Choma mapema, Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, kwa vipande, jioni upepo ukitulia, na mkuza ukiwa umesafishwa. Mpango utaje ni nani anachoma, lini, na nani anatoa idhini, kwa sababu wawindaji, wafugaji na warina asali kila mmoja ana sababu yake ya kuwasha kiberiti.

Sheria ndogo, na subira yake

Mpango bila sheria ndogo ni maombi tu. Utaratibu unatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982: halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, mkutano mkuu huijadili na kuikubali, kisha rasimu pamoja na muhtasari na mahudhurio hupelekwa wilayani, ambako mwanasheria wa halmashauri huipitia na Baraza la Madiwani huiidhinisha. Pitisheni rasimu kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ili diwani aijue kabla haijamfikia barazani. Kijiji kiteue watu wawili wa kufuatilia, kwa majina, na safari zao ziwekwe kwenye bajeti. Faili lisilofuatiliwa hukaa chini ya mafaili mengine hata mwaka upite.

Katika kuandika, epukeni maneno kama "atachukuliwa hatua kali" au "faini kulingana na kosa". Mahakama ya Mwanzo haiwezi kufanya kazi na maneno hayo. Kila kosa liwe na kiwango chake, kiwango kisizidi kile kinachoruhusiwa na sheria, na ielezwe nani anapokea faini, anatoa stakabadhi gani, na vifaa vilivyokamatwa vinatunzwa wapi. Baiskeli, msumeno na mapanga yanayorundikwa nyumbani kwa mjumbe ndiyo mwanzo wa manung'uniko yasiyoisha.

Mpaka idhini ifike, msitoze mtu faini. Kamati inayotoza kabla ya hapo inavunja sheria, na mtuhumiwa wa kwanza mwenye ndugu anayejua njia ya mahakamani ataiangusha kamati nzima.

Kamati ya maliasili

Wajumbe wachaguliwe na mkutano mkuu kwa kura, watoke vitongoji vyote, na uwiano wa wanawake na wanaume uzingatiwe kama sheria inavyotaka. Mwenyekiti wa kijiji asiwe mwenyekiti wa kamati. Naelewa kwamba katika vijiji vidogo watu wenye kujua kusoma na kuandika ni walewale, lakini anayesimamia msitu na anayemkagua msimamizi wakiwa mtu mmoja, mkutano mkuu utabaki bila wa kumuuliza. Mwanamke mmoja kati ya wajumbe kumi hatasema. Wakiwa wanne au watano watasema, hasa kama mweka hazina ni mmoja wao.

Doria

Doria iwe ya ratiba isiyotabirika na ya watu wasiopungua wanne, wakiwa na vitambulisho vya kijiji na barua ya utambulisho. Kazi yao ni kuona, kuandika na kukamata pale inapowezekana bila hatari. Wakikuta watu wenye silaha, warudi na kutoa taarifa kwa polisi na maofisa wa wilaya. Hakuna mti unaofidia uhai wa mzazi wa mtu.

Daftari la doria liwe na tarehe, majina ya waliokwenda, njia waliyopita, walichokiona na walichokifanya. Hata siku ambayo hawakuona kitu iandikwe, maana mfuatano wa siku tupu ndio unaoonyesha kwamba ulinzi unafanya kazi, au kwamba wanadoria wanaishia kwenye kilabu cha pombe. Katika vijiji vinavyoizunguka Gombe na vya Masito, waangalizi wa misitu wamefundishwa kurekodi matukio kwa simu yenye programu maalumu inayochukua mahali na picha, na taarifa hizo huonekana kwenye ramani. Mkiwa na simu za aina hiyo ni vyema, lakini taarifa isiishie kwenye kompyuta ya mradi. Kila robo mwaka irudi kwenye ubao wa matangazo wa kijiji.

Fedha

Hapa ndipo misitu mingi ya vijiji huanza kuanguka, nami nataka kulisemea kwa kirefu. Mapato ya msitu wa kijiji, yaani vibali, faini, mauzo ya mbao zilizovunwa kwa mpango na ada za wageni, ni mali ya kijiji. Yanapaswa kuingia kwenye akaunti inayojulikana, kwa stakabadhi halali kama halmashauri ya wilaya ilivyoelekeza, na watia saini wasitoke ukoo mmoja wala kitongoji kimoja. Mkutano mkuu ndio upange mgawanyo. Mimi hushauri fungu la doria na ulinzi wa mpaka litengwe kwanza, kabla ya madawati na zahanati, kwa sababu wanadoria wanaofanya kazi bila buti wala posho ndogo huanza, taratibu na bila ubaya, kula pamoja na wavunaji haramu.

Kisha hesabu isomwe. Isomwe mkutanoni kila robo mwaka, kwa sauti, mstari kwa mstari: tarehe fulani, fulani alilipia kibali cha nguzo 30, stakabadhi namba hii, tarehe fulani, zilinunuliwa buti jozi nane, duka fulani. Isisomwe jumla peke yake. Nimeshuhudia mkutano uliokuwa ukisinzia ukaamka pale mweka hazina alipotamka "posho ya kikao, wajumbe 14", na babu mmoja akauliza kutoka nyuma, "Wajumbe si 12?" Wawili walirudisha fedha wiki ileile. Hakukuwa na mkaguzi kutoka wilayani wala mradi wowote. Kulikuwa na mzee anayejua kuhesabu na mkutano uliomruhusu kuuliza.

Halmashauri ya kijiji isikope fungu la msitu kwa michango ya dharura. Ikilazimika, mkutano mkuu uidhinishe na tarehe ya kurudisha iandikwe.

Siku hizi kuna habari za biashara ya kaboni, yaani kijiji kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu usiokatwa. Jirani zetu wa wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, wamekwisha kunufaika kupitia misitu ya milima ya Ntakata, na vijiji vimejenga zahanati na madarasa kwa fedha hizo, kwa hiyo wanunuzi sasa wanabisha hodi kila kijiji chenye miti. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Msisaini hati yoyote chumbani. Mkataba usomwe mkutanoni kwa Kiswahili, mwanasheria wa wilaya awepo, na muulize unadumu miaka mingapi, mnazuiwa kufanya nini, na mwekezaji akiondoka nani analipa doria. Kijiji kisicho na mpaka uliokubaliwa wala kamati inayosoma hesabu hakijawa tayari kwa fedha hizo, na zikija zitakigawa.

Wafugaji, wahamiaji na wengine wasiohudhuria

Wafugaji wanaoingia na makundi makubwa kutoka mikoa ya kaskazini hulaumiwa kwa kila kitu, na baadhi ya lawama ni za haki. Lakini mara nyingi mtu aliyewauzia kibali cha kuingia ni kiongozi wa kijiji hichohicho, usiku, bila stakabadhi. Mpango uwatengee njia ya mifugo na mahali pa maji, uwataje kwa idadi, na uwape mwakilishi. Sehemu za Igunga na Nzega zina desturi ya ngitili, yaani kufunga eneo la malisho masika ili litumike kiangazi, na wafugaji wenye asili ya huko wanaielewa vizuri kuliko bwana misitu. Waulizeni.

Kaskazini mwa Kigoma, Kasulu na Kibondo, makambi ya wakimbizi yameongeza mahitaji ya kuni kwa miaka mingi. Kijiji kimoja hakiwezi kulimaliza tatizo hilo kwa faini. Linahitaji makubaliano ya wilaya, mashirika na vijiji juu ya nishati ya kupikia na maeneo ya kuokota kuni.

Kusajili na kuendelea

Halmashauri ya kijiji ikishautangaza msitu kwa uamuzi wa mkutano mkuu, uandikishwe wilayani. Baada ya kuusimamia vizuri kwa miaka mitatu, kijiji kinaweza kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na hapo unakuwa mgumu zaidi kumegwa na kiongozi atakayekuja kesho na mwekezaji wake. Mpango upitiwe upya kila baada ya miaka mitano, na mpaka utembelewe kila mwaka na vijana, wazee wakiwa mbele kuwaonyesha alama.

Kipindi cha hatari zaidi ni baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Novemba 2024, viongozi wapya wanapoingia bila kujua kilichomo kwenye mafaili. Makabidhiano yafanyike hadharani, kwa orodha: cheti cha ardhi, ramani, mpango, sheria ndogo zenye mhuri wa wilaya, daftari la doria, vitabu vya stakabadhi, taarifa ya benki, na nyundo ya kugongea magogo. Nyundo hiyo ndiyo inayolifanya gogo kuwa halali barabarani, kwa hiyo ikae kwenye sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtendaji na mwingine kwa mweka hazina wa kamati, na siku ya makabidhiano sanduku lifunguliwe mbele ya watu ili kila mtu aione nyundo imo.